Tiketi ya Kuona Jikoni

Kwenye meli za kitalii kuna tiketi moja isiyokupeleka popote. Unainunua ukiwa umeshalipia safari, mara nyingi kwa dola 100 na zaidi, halafu kwa saa kadhaa unazungushwa ndani ya meli ileile unayolala. Royal Caribbean huiita All Access Tour. Carnival wana Behind the Fun. Unaambiwa uvae viatu vya kufunika vidole, unasomewa masharti ya kupiga picha, kisha mlango wa wafanyakazi pekee unafunguliwa. Unaona jikoni, chumba cha dobi, maghala ya vyakula, mahali taka zinapochambuliwa, chumba cha kusimamia injini, na nyuma ya jukwaa la ukumbi wa maonyesho. Mwishowe unapandishwa hadi kwenye chumba cha usukani kumwamkia nahodha.

Asiye na dola hizo huipata ziara hiyo YouTube na TikTok bila malipo. Video ziko kibao. Zina kanuni zake, zina wahusika wake wa kudumu, zina mahali pa kuchekea na mahali pa kushangaa. Kwa hiyo nitazihakiki kama tunavyohakiki tamthilia au riwaya. Zinasomwa, na zinasomwa hata huku Waithaka, zaidi ya kilomita 400 kutoka maji ya chumvi, na watu ambao hawana mpango wowote wa kuwa abiria. Hao wanaangalia kitu kingine kabisa, na nitafika hapo.

Kanuni ya kwanza ya utanzu huu ni takwimu. Mwongozaji, kwa kawaida ofisa mwenye sare nyeupe na Kiingereza laini, hamalizi sentensi tatu bila tarakimu: mayai maelfu mangapi kwa wiki, tani ngapi za viazi, taulo ngapi kwa siku. Wageni wanaguna. Ni mbinu ya zamani ya kujisifu, kama mzee anayehesabu mbuzi wake mbele ya wakwe. Hesabu ikishakuwa kubwa vya kutosha, hakuna anayeuliza viazi vilimenywa na nani. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake za abiria Januari 2024, ina deki 20, inaweza kubeba abiria wapatao 7,600, na wafanyakazi wake ni takriban 2,350. Hizo utazisikia. Zile ambazo hutazisikia jikoni ni za Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014. Mkataba unaipa kila nchi njia mbili: ama iweke kikomo cha kazi cha saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki, ama idai mapumziko yasiyopungua saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Chukua njia ya pili. Wiki ina saa 168. Toa 77, zinabaki 91. Yaani mtu anaweza kufanya kazi saa 91 kwa wiki na karatasi zote zikawa safi. Kama ziara inataka kutushangaza kwa hesabu, ianze na hiyo 91.

Kanuni ya pili ni ushoroba. Kwenye meli nyingi zinazohudumia soko la Marekani, deki ya wafanyakazi ina ushoroba mmoja mrefu unaotoka karibu mbele ya meli hadi nyuma, nao huitwa I-95, jina la barabara kuu inayopanda kutoka Miami hadi mpaka wa Kanada. Kila video hufika pale, na kila video hucheka utani wa jina. Kwangu mimi, hapo ndipo video inaposema ukweli bila kukusudia. Tazama pembeni mwa picha. Mtu anasukuma toroli la sahani. Anaona kundi la wageni linakuja, anabana ukutani, anatabasamu, anangoja lipite. Kisha anaongeza mwendo, maana zile dakika mbili atazidaiwa na mtu mwingine huko mbele. Kamera haimfuati. Inabaki na ofisa, anayeeleza sasa jinsi mizigo inavyopakiwa bandarini.

Kanuni ya tatu: shujaa ni mashine. Mashine ya kukunja shuka hupewa muda mrefu kuliko binadamu yeyote mle ndani, na kweli inavutia, shuka linaingia likiwa limekunjamana na kutoka kama barua. Anayelilisha shuka hilo huonekana mikono tu. Na kuna vyumba ambavyo ziara ya kawaida haivifikii kabisa: kabini ya wafanyakazi yenye vitanda vya kupandana na pazia, mahali wanapolia chakula usiku wa manane, ofisi ambapo mtu huitwa kuambiwa kwamba mkataba wake hautaongezwa. Nyuma ya pazia uliyoonyeshwa ina pazia lake.

Mwanasosholojia wa Kimarekani Dean MacCannell alilisema jambo hili zamani, katika makala ya mwaka 1973 na kisha katika kitabu chake The Tourist cha 1976. Mtalii anatafuta kitu cha kweli, anaamini kwamba kitu cha kweli kiko huko nyuma, basi wenye biashara humjengea huko nyuma pa kutembelewa. Mfano wake bora ni Paris ya mwaka 1900. Vitabu vya kuongoza wageni vilimwelekeza mtalii kwenye mifereji ya majitaka, kwenye chumba cha maiti, na kwenye kichinjio. Watu walivaa vizuri wakaenda kuangalia wenzao wakichinja.

Kichinjio tunacho sisi pia. Ukitoka Dagoretti Corner, ukapita Riruta Satellite, ukapita Waithaka, unafika Dagoretti Market, na kutoka vichinjio vya pale nyama nyingi huingia Nairobi. Hakuna anayekuuzia tiketi. Yule anayekula choma Kilimani Jumamosi jioni hataki kabisa kuonyeshwa Dagoretti ya alfajiri. Na Waithaka yenyewe ni kama deki ya chini ya mji huu: asubuhi mama fua wanatoka kutafuta vibarua vya kufua upande wa Karen na Lavington, watu wa mjengo wanapanda matatu kukiwa bado giza, na walinzi wa usiku wanapishana nao wakirudi kulala. Nairobi ina I-95 yake. Ndiyo maana ukimwonyesha mtu wa hapa chumba cha dobi cha meli, hashangai kusikia kuna watu wanaofua. Anauliza wanalipwa ngapi.

Kwenye kinyozi kimoja hapa Waithaka video ya namna hii ilikuwa ikiendelea kwenye runinga ya ukutani, na vijana wawili waliokuwa wakingoja zamu wakaanza:

"Buda, hapo hata ukiwa wa kuosha sufuria, umetoka."

"Umetoka aje na bado uko jikoni?"

"Jikoni ya dola, msee."

Kinyozi akazima mashine ili asikie vizuri.

Huo ni uhakiki, na ni mkali kuliko mwingi uliochapishwa. Kwa abiria, ziara ni burudani; kwa kijana huyu ni tangazo la kazi. Wala hakosei kulisoma hivyo. Mwaka 2018 serikali ilipofufua Kenya National Shipping Line kwa ushirikiano na MSC, ahadi iliyopigiwa ngoma zaidi ilikuwa ajira za melini kwa vijana. Mwaka huohuo Bandari College ya Mombasa ikawa Bandari Maritime Academy. Kazi zipo, na Wakenya wako kwenye meli hizo sasa hivi, wakipika, wakitandika vitanda, wakimwaga vinywaji. Njia halali inajulikana: mafunzo ya msingi ya usalama, yaani kujiokoa majini, kuzima moto, huduma ya kwanza na wajibu wa baharia; cheti cha daktari; kitabu cha baharia; na wakala aliyeidhinishwa na Kenya Maritime Authority.

Lakini ule mkataba wa 2006 una kifungu ambacho sijakisikia kikitajwa katika ziara yoyote. Unakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa kazi. Anachoweza kulipia mwenyewe ni cheti cha afya, kitabu cha baharia, na pasipoti au hati za safari kama hizo. Hata viza haimo. Sasa ingia kwenye grupu za WhatsApp uone. Ajenti bandia anabandika picha ya jikoni linalong'aa, iliyokatwa kutoka kwenye video ya ziara, na chini yake namba ya simu na "ada ya usajili". Mama wa kijana anachukua mkopo kwenye chama. Picha iliyotengenezwa kumfurahisha abiria imehamia mkononi mwa tapeli bila kubadilishwa hata rangi, na imefanya kazi vizuri zaidi huko, kwa sababu tangu mwanzo haikuwa na saa, haikuwa na mshahara, haikuwa na mtu wa kuulizwa.

Je, waandishi na watengenezaji filamu wamefanya vizuri kuliko idara ya matangazo? Tuanze na insha inayotajwa kila meli za kitalii zinapotajwa, ile ya David Foster Wallace iliyotoka katika Harper's Januari 1996, na mwaka uliofuata ikakipa jina kitabu chake cha insha. Jarida lilimlipia safari ya wiki moja Karibea. Aliomba kuona sehemu za wafanyakazi, akakataliwa. Kwa hiyo insha yake yote imeandikwa kutoka upande wa mgeni, na ni kali, inachekesha, inajua kwamba kubembelezwa kupita kiasi kunaweza kumgeuza mtu mzima kuwa mtoto mchanga. Mahali inapopasua pazia ni pale mwanzoni: anajibebea mkoba wake mwenyewe, na mpagazi Mlebanoni anaingia matatani na wakubwa kwa sababu mgeni amejibebea mzigo. Hapo adabu ya mgeni imekuwa kosa la mfanyakazi. Ni ukurasa mzuri sana. Halafu anakuja Petra, anayemsafishia kabini. Wallace anavutiwa na jinsi anavyojua lini mgeni ametoka kwa muda wa kutosha, anamtega, anafanya majaribio, anatoka na kurudi akipima dakika. Anachunguza mbinu ya Petra kama mtu anayechunguza kiini macho. Petra mwenyewe ana karibu sentensi mbili katika insha nzima, na zote ni za kumfurahisha yeye.

Filamu ya Ruben Östlund, Triangle of Sadness, iliyoshinda Palme d'Or huko Cannes mwaka 2022, inajaribu kwenda mbali zaidi. Kuna onyesho ambapo mgeni tajiri anaamua wafanyakazi wote wanastahili kuogelea, na kwa kuwa mgeni hakataliwi, meli nzima inasimamisha kazi, wapishi na wasafishaji wanapanga foleni waingie majini kufurahi kwa amri. Nimeona watu wakicheka hapo. Mtu aliyewahi kufanya kazi ya nyumbani kwa watu hacheki sana. Baadaye meli inazama, na kule ufukweni Abigail, msafishaji wa vyoo anayeigizwa na Dolly de Leon wa Ufilipino, ndiye pekee anayejua kuvua samaki na kuwasha moto. Anakuwa mkubwa. Ni kisasi kitamu, na de Leon anakiigiza kwa utulivu unaotisha. Lakini angalia filamu inampa nini: inampa mamlaka kabla ya kumpa kwao. Wale wanamitindo wawili tumewajua tangu mwanzo, mpaka ugomvi wao juu ya nani alipe bili hotelini. Yeye tunampokea filamu ikiwa imekwenda mbali, tayari ana njaa ya kutawala, na hatujui pesa za mwisho wa mwezi anamtumia nani.

Kazi iliyonigusa kuliko zote ni ya dakika 40 hivi, The Last Cruise ya Hannah Olson, iliyoonyeshwa na HBO mwaka 2021. Inahusu Diamond Princess, meli iliyozuiliwa Yokohama Februari 2020 ikiwa na watu 3,711, ambapo zaidi ya 700 waliambukizwa korona. Sehemu kubwa ya picha zake zilipigwa na waliokuwemo, kwa simu zao: abiria kwenye kabini zao za kifahari, na wafanyakazi huko chini. Abiria wamefungiwa wajilinde. Wafanyakazi, baadhi yao Waindonesia, wanaendelea kupika, kupakua, kupeleka sahani mlango kwa mlango, na kurudi kulala wakiwa wamebanana. Hakuna mwongozaji wala ofisa wa kutoa takwimu. Kijana wa kuosha vyombo ameshika simu na anasema anachokiona. Ni ziara ileile, vyumba ni vilevile, lakini kwa mara ya kwanza yule aliyebana ukutani ndiye mwenye kamera, na meli nzima inageuka: unaelewa ghafla kwamba karantini ya mmoja ilikuwa zamu ya mwingine.

Wasomaji wa Kiswahili hatukuhitaji kungoja hadi 2020. Mwaka 1979 Adam Shafi alitoa Kuli, riwaya inayoegemea mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948. Meli ndani ya riwaya hiyo huonekana na mtu aliyeinama chini ya gunia. Ukubwa wake haupimwi kwa tani. Unapimwa kwa mgongo. Tunapenda kusema fasihi yetu inachelewa kufika kwenye mambo mapya, lakini kwa hili ilifika mapema na kukaa. Kilichochelewa ni sisi kuitumia kama kipimo cha hivi tunavyovitazama usiku kwenye simu.

Sasa kuna utanzu mwingine unaozaliwa, na ni wetu. Wakenya walio melini wanajirekodi. Kwa Kiswahili, kwa Sheng, kwa lugha za nyumbani, mtu ameketi kitandani, mwenzake wa kabini amelala nyuma ya pazia, naye anaongea kwa kunong'ona asimwamshe. Anaonyesha sare. Anaonyesha viatu vilivyomla miguu. Analalamika kwamba hakuna ugali, kuna wali kila siku, wali mpaka lini. Anaonyesha saa nne alizopewa za kushuka Barcelona, ambazo mbili amezitumia kutafuta Wi-Fi ya kuongea na mtoto. Anahesabu miezi iliyobaki kwenye mkataba. Kunong'ona huko ni mbinu ambayo hakuna mwongozaji wa sare nyeupe anaweza kuiiga, kwa sababu hakukupangwa: mle ndani hata sauti yako ina mwenye kuidai.

Nikizihakiki kwa haki, video hizi nazo zina kasoro. Nyingi huruka swali la pesa, na si ajabu. Mkataba uko mfukoni na msimamizi ana simu pia. Nyingine zinawaogopa watu wa nyumbani kuliko kampuni. Ukishaondoka Waithaka watu wakasema umetoka, ni vigumu kutokea kwenye simu ukisema umechoka. Kwa hiyo mtu anachuja mwenyewe: machweo yanaingia, uvimbe wa miguu unakatwa. Na zipo zinazoishia pabaya, pale msimuliaji aliyeanza kwa ukweli anapomaliza kwa kusema njoo inbox nikuunganishe. Hapo amehamia upande wa ajenti, na kila alichosema kabla ya hapo kinabadilika maana.

Lakini zile zilizo nzuri, na zipo, zimefanya kitu ambacho Wallace hakuweza na Östlund hakukijali. Mfanyakazi anaongea kwa sentensi ndefu. Anajikatiza, anakumbuka, anatania, anabishana na watu wa chini kwenye maoni. Ana mama, ana chama, ana deni. Hicho ndicho kipimo ambacho ningependa tuanze kukitumia kwa kila kazi inayodai kutupeleka nyuma ya pazia, iwe ya melini, ya hotelini, ya kichinjioni au ya jikoni kwa mwajiri Lavington. Hesabu sentensi za yule anayefanya kazi, na uangalie ngapi kati ya hizo zimeelekezwa kwa mgeni. Kama zote ni za kumwambia mgeni karibu, hujaenda nyuma ya pazia. Umezungushwa.

Kwa yule kijana wa kinyozi, sina sababu ya kumkatisha tamaa. Jikoni ya dola ni jikoni, na watu wamesomesha ndugu zao kutoka huko. Ila akiitazama video inayofuata, asiiangalie mashine ya shuka. Atafute mikono inayoilisha, aulize mwenye mikono hiyo alilala saa ngapi na mkataba wake ni wa miezi mingapi. Na mtu akimtumia picha ya jikoni linalong'aa pamoja na namba ya M-Pesa ya ada, amwulize swali moja tu: mkataba wa mabaharia unasema kazi ya melini hainunuliwi, sasa wewe unauza nini?